Daraja Limefungwa kwa Matengenezo

Haya ninayoyaandika yametokea katika nchi ambayo siruhusiwi kuitaja. Si kwamba kuna siri. Jina la nchi lilipelekwa kwenye kamati miaka kumi na miwili iliyopita ili lipitiwe upya, na kamati haijarudi. Kwa sasa tunasema "nchi yetu", na anayetuandikia barua kutoka nje anaandika "huko kwenu", na barua zinafika.

Mimi ni karani. Kwa miaka ishirini na miwili nimeandika kumbukumbu za vikao vya Chama cha Maendeleo Palepale, tawi la Jimbo la Juu. Kazi yangu ni kuandika yaliyosemwa. Yaliyofanyika yana ofisi yake, na ofisi hiyo haijapata mtu. Nasema hivyo mapema ili msomaji asinitafutie ubaya. Mimi sina upande, sina kinyongo, na picha ya kiongozi ninayo ukutani mpaka leo, ingawa nimeigeuza kwa ajili ya vumbi.

Jimbo letu ni la baridi kali. Mto Mwerere unaligawa mara mbili. Upande huu kuna Makao, mji wenye bunge, hospitali na mkahawa mmoja mzuri. Upande wa pili kuna Ng'ambo, ambako kuna watu. Kipupwe kikiingia mto huganda, barafu ikawa ngumu kiasi cha kubeba lori, na watu wa Ng'ambo huvuka kwa miguu kwenda hospitali. Joto likikolea huvuka kwa kivuko. Lakini kati ya hapo kuna wiki sita ambazo barafu imelainika, haibebi hata mbwa, na mabonge yake yanavyoelea yanakizuia kivuko. Kipindi hicho tunakiita Katikati. Wenye moyo huvuka kwa mtumbwi, mmoja anapiga makasia na mwingine anasukuma mabonge kwa mti. Wasio na mtumbwi hungoja. Mimba, kwa bahati mbaya, hazikushirikishwa katika utaratibu huu.

Sasa nieleze jina la chama, maana mambo yote yalianzia hapo. Mwasisi wetu, Mzee Yonazi, alisimama siku ya kwanza mbele ya watu mia tatu, akasema, "Ninachotaka mimi ni maendeleo palepale," akaanguka, akafa. Nusu ya waliokuwapo walielewa kwamba mzee alitaka maendeleo mara moja, bila kuchelewa, kama vile yeye mwenyewe alivyokufa palepale. Nusu nyingine walielewa kwamba alitaka maendeleo yasiyotoka mahali yalipo. Hao wa kwanza wanaitwa Palepale ya Saa, na hao wengine Palepale ya Mahali. Kwa miaka arobaini hakuna aliyemshinda mwenzake, wala hakuna aliyehama. Ndiyo maana kila uamuzi wa chama sharti ufanyike papo hapo na wakati huohuo uache kila kitu kilipokuwa. Watu wanadhani haiwezekani. Mimi nimeona ikiwezekana.

*

Pantaleo Mkwizu alikuwa mwalimu wa jiografia huko Ng'ambo, mtu mpole, mwenye sauti ya kufundishia na viatu visivyokauka. Mkewe, Sifaeli, alishikwa na uchungu wiki ya tatu ya Katikati. Walimfikisha ukingoni asubuhi. Mtumbwi pekee wa pale ulikuwa upande wa Makao na mwenyewe amekwenda arusini. Wakakaa pale, wakiliona paa la hospitali, wakiyaona hata mashuka yaliyoanikwa nyuma ya wodi. Dada yake Pantaleo, Nakijwa, ambaye ni mkunga, alimtoa mtoto akiwa hai. Mama hakuiwahi hospitali, akafa. Mtoto alikuwa wa kike, akaitwa Elieshi, na Nakijwa ndiye aliyemlea.

"Nitajenga daraja," Pantaleo alimwambia dada yake siku ya tatu ya matanga.

"Wewe na nani?"

"Nitaingia kwenye siasa."

"Mdogo wangu, nimekuuliza wewe na nani, unanitajia ugonjwa."

Alijiunga na chama chetu kwa sababu kilikuwa na neno maendeleo. Aliniambia baadaye kwamba lile neno la pili hakulitilia maanani.

Mkutano mkuu wa kuchagua kiongozi ulipofika, pande mbili zilipiga kura mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja zikatoka sawasawa. Wajumbe walikuwa wamechoka na chai imekwisha. Ndipo mtu akasema kuna mwalimu mmoja nyuma kule, hajulikani na yeyote, kwa hiyo hajamuudhi yeyote. Pantaleo akapelekwa mbele. Asubuhi ile alikuwa amevuka mto kwa miguu, barafu ikamkatikia mpaka kiunoni, na alisimama jukwaani akichuruzika maji.

"Ndugu mgombea," mwenyekiti akamuuliza, "wewe ni palepale ipi?"

"Ndugu wajumbe," alijibu, "mimi ni palepale ya…" na chafya ikambana.

Ilikuwa chafya kubwa. Wa Saa waliapa kwamba wamesikia "saa" waziwazi. Wa Mahali walikuwa wamekwisha simama kushangilia. Alichaguliwa kwa kura zote. Katika kumbukumbu niliandika: "Mgombea alieleza msimamo wake kwa nguvu."

Baadaye, tukimtafutia suruali kavu, aliniambia, "Karani, nilitaka kusema sijui tofauti yake."

"Usiseme tena, mheshimiwa," nikamwambia.

Hakusema tena. Na kwa kutosema huko alikiongoza chama miaka kumi na tatu.

*

Minane kati ya hiyo alikuwa kiongozi wa upinzani. Kazi ya kiongozi wa upinzani kwetu ni kutikisa kichwa waziri anapozungumza. Kanuni za bunge zinataja na mwendo: kushoto kwenda kulia, si zaidi ya mara nne kwa sentensi. Pantaleo aliifanya kazi hiyo kwa uaminifu mpaka shingo ikamuuma. Na kila kikao, bila kukosa, aliuliza swali moja tu: daraja la Ng'ambo litajengwa lini? Na kila kikao alijibiwa, "Serikali inalitambua daraja hilo."

Alishindwa chaguzi mbili. Ya pili alishindwa hadi katika jimbo lake mwenyewe la ubunge, ikabidi mbunge wetu mmoja mtiifu augue kwa hiari ili ampishe kiti. Mbunge huyo alipona siku Pantaleo alipoapishwa.

Kila Katikati ilipokwisha, Nakijwa alivuka kwa kivuko cha kwanza, akaja ofisini. Hakuwa mtu wa salamu ndefu. Alisimama mlangoni na kumtajia mdogo wake majina.

"Mwaka huu ni Nairuko, yeye na mwanawe. Na yule binti wa fundi saa. Na mke wa Mbazi, yule uliyemfundisha."

"Namkumbuka. Alikuwa anaandika kwa mkono wa kushoto."

"Basi ndiye huyo."

Akishaondoka, Pantaleo alifunga mlango akalia. Nilimsikia. Sikuandika, kwa sababu haikuwa kikao.

*

Tukashinda uchaguzi. Sitaki kujisifu kwamba watu walitupenda. Waziri Kiongozi wa wakati ule alikuwa amesema redioni kwamba baridi ni mawazo tu, na wananchi wakakasirika wakapigia kura jina lililofuata kwenye karatasi. Jina lililofuata lilikuwa letu. Siku hiyo Pantaleo alicheza ngoma hadharani, vibaya kabisa, akiwa amemshika mkono Elieshi, binti sasa wa miaka kumi na mitano aliyekuwa anaona aibu na kucheka.

Kikao cha kwanza cha baraza la mawaziri kilikuwa na ajenda moja, daraja. Pantaleo, sasa Waziri Kiongozi, aliieleza kwa dakika tano, akiwa na ramani aliyoichora mwenyewe kwa penseli za rangi.

Aliyesimama kwanza alikuwa Mheshimiwa Gaudensi, mkuu wa Palepale ya Saa. "Daraja la chuma litachukua miaka mitatu," alisema. "Mzee Yonazi hakusema miaka mitatu. Alisema palepale. Kama daraja hili haliwezi kuwapo kabla ya chakula cha mchana, mimi na wenzangu tunatoka serikalini." Akatazama saa yake. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini.

Kisha akasimama Mheshimiwa Dominata Shangali, Waziri wa Ardhi na Maji Yaliyotulia, mkuu wa Palepale ya Mahali. Mama huyu ana sauti nzuri sana. Ukimsikia akisoma orodha ya nguo zilizopelekwa kwa dobi, utatamani kumpigia kura.

"Mheshimiwa Waziri Kiongozi," alisema, "mto wetu umekuwa ukijijengea daraja wenyewe kila mwaka tangu enzi za mababu. Haujawahi kugoma. Haujawahi kudai likizo. Leo hii serikali ikijitia kujenga daraja lake, itakuwa imeuachisha mto kazi. Je, tumechaguliwa ili tuachishe watu kazi? Mheshimiwa anataka daraja. Mheshimiwa Gaudensi analitaka kabla ya chakula. Mimi nawaomba wote mtazame dirishani."

Tukatazama. Ilikuwa katikati ya kipupwe. Mto ulikuwa mweupe, imara, kutoka ukingo hadi ukingo, na mtu mmoja alikuwa anavuka na punda wake.

"Liko," akasema Dominata, na akaketi.

Sijawahi kuona furaha ya namna ile. Wa Saa walipata daraja dakika arobaini kabla ya chakula. Wa Mahali walipata daraja ambalo halikusogeza hata jiwe. Watu waliokuwa hawaamkiani tangu msiba wa Mzee Yonazi walikumbatiana. Ilipendekezwa kwamba barafu itangazwe kisheria kuwa daraja, na pendekezo likapita kabla halijamalizika kusomwa.

"Na wakati wa Katikati?" Pantaleo aliuliza.

"Hakuna daraja duniani lisilofungwa kwa matengenezo," alijibu Dominata.

Waziri Kiongozi aliomba mapumziko, akanivuta kwenye ujia. Uso wake ulikuwa umemshuka.

"Karani, nikikataa?"

"Wataitisha kura ya kukupima, mheshimiwa."

"Nikikubali?"

"Utakuwa Waziri Kiongozi aliyejenga daraja wiki ya kwanza."

Alizungusha penseli yake vidoleni. Halafu akasema, "Basi iwe hatua ya kwanza. Likishakuwa daraja kisheria, mwakani naomba chuma cha kulitengenezea. Nani atakataa daraja kutengenezwa?"

Niliiona ni hoja ya mtu mwenye akili. Hata leo naiona hivyo, na hilo ndilo linaloninyima raha.

*

Sheria ya Daraja ilikuwa na vifungu kumi na vinne. Nitataja kimoja tu. Kifungu cha tisa kilisema kwamba, kwa kuwa sasa daraja lipo, ni marufuku kwa kivuko, mtumbwi au chombo chochote kuvusha watu mahali hapo kuanzia mto unapoganda hadi Katikati inapokwisha, kwa sababu kufanya hivyo ni kulidharau daraja. Pantaleo alitia sahihi kwenye kila ukurasa. Kifungu cha tisa kilikuwa ukurasa wa sita, na alikuwa amekwisha chelewa kwenye chakula.

Uzinduzi ulifana. Bendi ilipiga juu ya barafu, tarumbeta zao zikaganda kwenye midomo, wakaendelea hivyohivyo. Jiwe la kumbukumbu lilichimbiwa katikati ya mto. Utepe ukakatwa. Watu wakapiga makofi kwa sababu kulikuwa na baridi. Kisha nikamwona Nakijwa akija kutoka Ng'ambo, amefunga magunia miguuni.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Daraja liko wapi?"

"Umelisimamia."

"Panta, nimesimama juu ya mto."

"Kisheria, dada…"

"Mimi sizalishi watu kisheria." Alimtazama kuanzia kofia hadi viatu. "Na mitumbwi nayo umeipiga marufuku?"

"Mitumbwi ipi?"

"Ina maana hata sheria yako hukuisoma," akasema. Alisema polepole, bila kufoka, na nadhani Pantaleo angependa zaidi kama angemfokea.

*

Katikati ikaja. Pande zote mbili za mto pakasimikwa mabango yaliyopakwa rangi ya manjano: DARAJA LIMEFUNGWA KWA MATENGENEZO. TUNAOMBA RADHI KWA USUMBUFU. Ikaundwa Mamlaka ya Daraja. Mafundi kumi na wawili wa matengenezo walikaa ukingoni kwenye viti vya kukunja, wakiangalia barafu inavyoyeyuka, na kila saa mmoja wao aliandika katika fomu: "Inaendelea." Jiwe la kumbukumbu lilizama. Likachongwa jingine, na tangu hapo tunachonga moja kila mwaka.

Walinzi wa Mamlaka walipita Ng'ambo nyumba kwa nyumba wakikusanya mitumbwi na makasia. Mwaka ule orodha ya Nakijwa ilikuwa ndefu kuliko mlangoni palivyostahimili. Alikaa kitini, akaitaja akiwa ameketi.

Mwaka uliofuata Pantaleo aliomba chuma cha kutengenezea daraja, kama alivyopanga. Jibu la wataalamu ninalo. Linasema daraja haliwezi kutiwa chuma wakati limefungwa, kwa kuwa wakati huo halipo. Wala haliwezi kutiwa chuma wakati liko wazi, kwa kuwa wakati huo ni zima. Aliomba tena. Akajibiwa tena, kwa mwandiko mzuri zaidi.

Hali ya hewa nayo haikumsaidia. Kipupwe kilianza kuchelewa kuingia na kuwahi kutoka. Katikati iliyokuwa wiki sita ikawa tisa, kisha kumi na moja. Mheshimiwa Dominata aliliambia bunge kwamba hiyo ni dalili ya matengenezo kufanywa kwa umakini zaidi. Serikali kuu ikatuletea cheti cha pongezi. Pantaleo alikwenda kukipokea, na katika picha anaonekana anatabasamu, lakini mimi nilikuwa nyuma yake na niliuona mkono wake ukifinya paja.

Kwa nini hakujiuzulu? Nilimuuliza mara moja, chamani hakuna mtu.

"Nikitoka, nani atauliza habari ya daraja?" alisema.

"Lakini mheshimiwa, siku hizi huulizi. Siku hizi unajibu."

Alifunga faili iliyokuwa mbele yake. Halafu akaniambia nikalete faili nyingine.

*

Mwaka wa tano Elieshi, aliyeolewa hukohuko Ng'ambo na kijana wa migodini, alipata mimba. Alimpigia baba yake simu ofisini. Sikusikia alichosema. Nilisikia Pantaleo akihesabu miezi kwa sauti, mpaka alipofika mwezi wa Katikati akanyamaza.

Wiki iliyofuata ulikuwa mkutano mkuu wa chama. Alipanda jukwaani bila karatasi.

"Ndugu wajumbe," alisema, "hakuna daraja. Kuna barafu. Nimewadanganya, na kabla ya kuwadanganya nilijidanganya mwenyewe. Nataka daraja la chuma, na nataka kifungu cha tisa kifutwe leo."

Kisha ukumbi mzima ukasimama ukapiga makofi kwa dakika tisa. Hapo nikajua amekwisha, maana chama chetu hakijawahi kumpigia mtu makofi ya dakika tisa akabaki.

Ikaitishwa kura ya kumpima kiongozi. Katika nchi nyingine, nasikia, kiongozi akipata zaidi ya nusu ameshinda. Kwetu kanuni haitaji idadi. Inasema tu kwamba baada ya kura kiongozi "ajisikie vizuri". Pantaleo alipata sabini na moja kwa mia. Mheshimiwa Dominata ndiye aliyemletea matokeo, pamoja na shada la maua na machozi halisi.

"Umeshinda, mheshimiwa," alisema. "Pole sana."

"Watu saba kati ya kumi wananitaka."

"Ndiyo. Na wale watatu? Utawatazamaje usoni?"

"Nitawatazama tu."

"Wenzio wote huwa wanasema hivyo saa ya kwanza," Dominata akasema, akampangusia mabega kama mama anayempeleka mtoto shule. Kadi za kumuaga zilikuwa zimekwisha kuchapwa tangu Jumanne. Alijiuzulu kabla ya chai, akapewa cheo cha Mstaafu kwa Ushindi. Dominata aliapishwa baada ya chai, na tendo lake la kwanza lilikuwa kulipa daraja jina rasmi: Daraja la Mheshimiwa Pantaleo Mkwizu.

Katika kumbukumbu za siku ile niliandika: "Kiongozi alizungumzia barafu." Naona haya kwa sentensi hiyo kuliko nyingine yoyote niliyopata kuiandika.

*

Alipomaliza kukabidhi ofisi, kipupwe kikikaribia mwisho, nilimsindikiza Ng'ambo. Nilikuwa na likizo ya miaka minne nisiyoichukua, na yeye alikuwa na masanduku matatu na hakuna wa kumbebea. Mpango ulikuwa akae siku mbili, kisha amvushe Elieshi kwa miguu akasubirie kujifungua Makao, wiki tatu kabla barafu haijalegea. Lakini usiku wetu wa kwanza kule mvua ilinyesha. Asubuhi barafu ilikuwa imelegea na bango la manjano lilikuwa limesimikwa.

Elieshi alishikwa na uchungu siku ya tano, mumewe akiwa migodini. Nakijwa alimpapasa tumbo, akatoka nje, akamwambia mdogo wake kwa sauti ya chini kwamba mtoto amekaa mkingamo, na kwamba hii si kazi ya mikono yake, ni kazi ya hospitali. Halafu akaenda nyuma ya zizi, akafukua nyasi. Alikuwa ameficha mtumbwi na makasia miaka yote mitano. Tuliuburuta mpaka ukingoni, watu wanane, na Elieshi ndani yake amejifunika blanketi. Paa la hospitali lilionekana vizuri kabisa.

Mlinzi wa Mamlaka alikuwa mtu mzima mwenye mvi, jina lake Kisaka, amevaa sare kamili. Alipomwona Pantaleo alisimama wima.

"Shikamoo mheshimiwa! Ni heshima kubwa. Umekuja kukagua?"

"Marahaba. Nataka kuvuka. Huyu ni binti yangu, anajifungua."

Kisaka akacheka kwa adabu. "Unanijaribu, mheshimiwa. Kifungu cha tisa. Nakijua kwa moyo."

"Sikujaribu, Kisaka. Mtoto amekaa vibaya."

Tabasamu likamtoka. Aliutazama mtumbwi, akamtazama Elieshi, na niliona kwamba si mtu mbaya. Angekuwa mtu mbaya tungejua la kufanya. "Basi kuna kibali," alisema haraka. "Sheria inaruhusu kibali maalumu. Kinatolewa palepale."

"Wapi?"

"Makao. Dirisha namba mbili." Alinyoosha kidole ng'ambo ya maji. "Mwombaji afike mwenyewe."

Pantaleo alimshika mkono. Alimwomba kama baba, kisha kama mwalimu, kisha akaanza kumwamuru kama Waziri Kiongozi, sauti ikampotea njiani. Kisaka alilia. Alilia huku anayachukua makasia, moja baada ya jingine, na kuyatia kwenye kasha la Mamlaka, ambalo likishajifunga hufunguliwa Makao tu. Mimi nilisimama pale. Nilikuwa na mikono miwili na sikuitumia, kwa sababu maisha yangu yote nimesimama pembeni nikiandika. Nakijwa hakupoteza muda na sisi. Alikwisha piga magoti ndani ya mtumbwi.

Ilichukua saa nne. Elieshi alipona. Mtoto alikuwa wa kiume, mzima wa viungo, nywele nyingi, na hakulia.

Kisaka alirudi baada ya muda akiwa amevua kofia, ana fomu mkononi. Eneo la hatua hamsini kutoka majini ni eneo la daraja, na Mamlaka ndiyo inayotoa vibali vya kuzika kwa yote yanayotokea hapo. Alikuwa ameijaza kwa mwandiko wa kujitahidi. Mahali pa kifo: Darajani. Chini yake palikuwa na sentensi ya kutiwa sahihi na ndugu wa karibu, mwanamume: Nathibitisha kwamba daraja lilikuwapo na lilikuwa likitengenezwa.

Pantaleo alichukua kalamu, akaifuta sentensi hiyo, akaandika juu yake kwa herufi kubwa: HAKUNA DARAJA.

"Hiyo imeharibika, mheshimiwa," Kisaka alisema taratibu. "Bila fomu nzima hatuwezi kumzika. Ninazo mbili tu zimebaki."

Akampa ya pili. Pantaleo akaiharibu vilevile, akiandika kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Kisaka akaikunja, akaitia mfukoni. Akampa ya tatu.

Mimi nimesema kwamba sina upande. Pale ukingoni nilikuwa nao. Nilitamani kwa moyo wangu wote aiharibu na hiyo ya tatu, aichane, aitupe mtoni, na mimi niiandike habari hiyo kwa ukamilifu, neno kwa neno, kwa mara ya kwanza maishani. Kalamu ilikuwa hewani. Watu wote walikuwa wanamwangalia, na Nakijwa, mikono yake ikiwa na damu mpaka viwikoni, alikuwa anamwangalia.

"Baba," Elieshi akaita kutoka ndani ya mtumbwi. Alikuwa amemfunga mwanawe kwenye kanga na kumkumbatia, naye bado amelala chali, hana nguvu ya kuinua kichwa. "Andika wanavyotaka, Baba. Mtoto anapata baridi."

Pantaleo akachuchumaa, akaiweka fomu juu ya goti, akaandika.